Lulu za kioo si aibu, tuziite tu kwa jina lake

JUMAMOSI moja mwaka jana mama mmoja alisimama mbele ya kitambaa changu pale sokoni, akainua mkufu wa lulu wa safu tatu, akaupima uzito kwa kiganja, kisha akauliza swali ambalo kila anayeuza vito Nairobi amelizoea.

“Hii ni orijino?”

“Ndiyo mama, ni lulu.”

Akalipa, akaenda. Nikajiambia sijadanganya. Lulu ya kioo bado inaitwa lulu, ama? Lakini nikiwa kwenye mathree nikielekea nyumbani lile jibu lilinikaa kooni. Mama hakuuliza kama ni lulu. Aliuliza kama ni ya kweli, na mimi nikajibu swali lingine kabisa.

Naandika haya kwa sababu sisi vijana tunaotengeneza kwa mikono mapambo ya kuiga tamthilia za kale tumekuwa wengi, na sioni tukizungumza kuhusu hili jambo. Tunabishana kuhusu bei, kuhusu nani amemuibia nani muundo, kuhusu nani ana wafuasi wengi. Hatubishani kuhusu kile tunachomwambia mteja akiuliza hilo swali. Na tunadanganya, si ati tunapenda uongo, bali kwa sababu tunaona haya. Tunadhani tukisema “kioo” tumejiita feki.

Wacha nianze na tulivyofika hapa. Bridgerton iliingia Netflix siku ya Krismasi 2020, wakati tulikuwa na kafyu na wengi hatukuwa na pa kwenda. Septemba 2021 kampuni hiyo ikawafungulia Wakenya wenye simu za Android mpango wa bure, uliodumu hadi Novemba 2023. Yaani kwa miaka miwili hivi, mtu aliye na simu yenye kioo kilichopasuka na bando kidogo angeweza kuketi kitandani Umoja au Kayole akatazama wanawake wa London ya 1813 wakiingia ukumbini na mawe yanayometameta shingoni. Mei 2023 ikaja Queen Charlotte, malkia mweusi mwenye nywele kama mnara na taji juu yake. Basi! Sherehe za kuzaliwa zikaanza kuwa na mandhari ya Bridgerton. Bibi harusi wakataka chai ya mchana na glavu. Watu wakauliza ule mkufu unapatikana wapi, na mtu mwenye koleo ndogo na uzi akasema: kwangu.

Mimi niliingia mwaka wa 2022, baada ya kuacha chuo. Mjomba wangu bado huniuliza mbele ya watu kama ni kweli niliacha uhasibu ili nitunge shanga. Ndiyo, mjomba.

Sasa hili neno feki. Anayekutupia hilo neno anafikiri kwamba hao mabibi wa zamani walivaa vitu vya kweli na sisi ndio tunaiga. Ukweli ni kwamba kuiga kulikuwa ndani ya ukumbi wenyewe.

Chukua zile “almasi”. Karne ya 18 kulikuwa na sonara mjini Paris aliyeitwa Georges Frédéric Strass. Alitengeneza mawe ya kioo chenye madini ya risasi, yaliyokatwa na kung'arishwa kama almasi, na yakapendwa sana. Mwaka wa 1734 akawa sonara wa mfalme wa Ufaransa. Hebu isome tena hiyo: sonara wa mfalme, mashuhuri kwa kioo. Hadi leo katika lugha kadhaa za Ulaya yale mawe ya kumetameta huitwa kwa jina lake. Matajiri waliyavaa bila kujificha, kwa sababu kioo kiliweza kukatwa kwa maumbo ambayo hakuna mtu angethubutu kuikata almasi.

Chukua dhahabu. London, mwanzoni mwa karne hiyo hiyo, mtengenezaji wa saa aliyeitwa Christopher Pinchbeck aligundua namna ya kuchanganya shaba na zinki ikatoka na rangi ya dhahabu kabisa. Watu waliosafiri kwa magari ya farasi waliipenda kwa sababu barabara zilijaa majambazi, na afadhali mwizi aondoke na Pinchbeck kuliko dhahabu ya nyanya yako. Yeyote aliyewahi kuvua mkufu na kuutia mfukoni kabla ya kushuka Tea Room anaelewa hayo mawazo. Kinachoniuma ni kwamba baadaye jina lake likageuka kuwa neno la Kiingereza la kumaanisha kitu bandia. Pinchbeck mwenyewe hakuwa tapeli. Aliuza mali yake kwa jina lake.

Na lulu? Karne ya 17 mafundi wa Paris walipuliza vijitufe vya kioo, wakavipaka ndani rangi iliyotokana na magamba ya samaki mdogo wa mtoni, kisha wakajaza nta. Magamba ya samaki! (Sijajaribu na omena. Bado.) Lulu za asili zilikuwa ghali mno kwa sababu zilitegemea mpiga mbizi na bahati, Mjapani Kokichi Mikimoto alipata lulu zake za kwanza za kufugwa mwaka wa 1893 tu. Kwa hivyo shingo nyingi za wakati huo zilikuwa na kioo.

Kuna hadithi moja ya mwaka ule ule wa 1813 ambayo Bridgerton haina muda nayo. Prussia ilikuwa vitani dhidi ya Napoleon, na familia zilitoa mapambo yao ya dhahabu kugharamia vita, zikapewa ya chuma badala yake. Chuma cheusi, kilichomiminwa kwa ustadi hadi kikafanana na lesi. Kuvaa chuma kukawa ndiyo fahari. Nusu karne baadaye, Prince Albert alipofariki Desemba 1861 na Malkia Victoria akaingia katika maombolezo yasiyoisha, Uingereza nzima ilitaka vito vyeusi. Wenye pesa walinunua jeti, aina ya mbao ya kale iliyogeuka jiwe, iliyochimbwa Whitby. Wasio nazo walinunua kioo cheusi. Nacho kilipewa jina lake, hakikuitwa jiwe la Whitby.

Jina! Hapo ndipo penye shida yangu.

Lakini kabla ya hapo nikuonyeshe faida ya kujua haya mambo, maana si ya kujibizana na wajomba pekee. Nilipoanza, mawe yangu yalikuwa yanaonekana kama peremende. Nilinunua vioo vya bei, nikavibandika kwa gundi kwenye bamba la brasi, na bado vilikuwa vimekufa. Kisha nikasoma kwamba masonara wa karne ya 18 walikuwa wanaziba mgongo wa jiwe na kuweka chini yake utando mwembamba wa metali inayong'aa, wakati mwingine uliotiwa rangi, ili mwanga mchache wa mshumaa uingie, ugonge na kurudi. Vito hivyo vilitengenezwa kwa usiku na mshumaa. Sisi tunavipiga picha chini ya taa nyeupe ya jikoni halafu tunashangaa.

Basi nikachukua karatasi ya fedha iliyo ndani ya chokoleti, nikailainisha kwa ukucha hadi mikunjo ikaisha, nikaikata duara, nikaiweka chini ya kioo cheupe. Nikaipaka nyingine rangi ya kucha ya kijani. Siku hiyo stima zilikuwa zimepotea mtaani, kwa hivyo mshumaa nilikuwa nao tayari. Nakwambia lile jiwe liliwaka. Gharama ya karatasi: sufuri, maana chokoleti ilikuwa ya dadangu.

Ubaya wake ni mmoja, na ni ule ule wa miaka 250 iliyopita: maji yakiingia nyuma, karatasi hubadilika rangi na jiwe linazimika. Mteja lazima aambiwe asioge nalo. Na hapo umeshalazimika kumweleza lilivyotengenezwa.

Mfano mwingine. Mwaka wa 1801 Charles Austen, baharia, aliwanunulia dada zake wawili, Jane na Cassandra, misalaba ya topazi kwa fedha alizopata baharini. Jane ndiye huyo mwandishi ambaye riwaya zake zimezaa nusu ya tamthilia tunazotazama. Misalaba yenyewe ingalipo, katika nyumba yake ya makumbusho kijijini Chawton. Katika Mansfield Park akampa msichana Fanny msalaba wa kaharabu kutoka kwa kakake baharia, ila Fanny hana mkufu wa dhahabu wa kuutungia. Ana utepe tu. Sehemu nzima ya hadithi inazunguka huo mkufu asio nao.

Sasa wewe unayesema huwezi kutengeneza kitu cha zama hizo kwa sababu cheni nzuri ni ghali: utepe ni shilingi chache kwa mita, na ndio ulio sahihi zaidi kihistoria kuliko hiyo cheni ya kiwanda. Msalaba wangu wa brasi na kioo cha manjano kwenye utepe mweusi umenilipia kodi ya nyumba mara mbili. Nilieleza tu Fanny ni nani.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya wazungu na tuachane nayo. Nawasikia, lakini historia ya ushanga haijakaa hivyo. Shanga nyekundu za misafara ya karne ya 19, zilizoitwa samesame, zilitoka Ulaya, Venice hasa, zikabebwa kutoka pwani hadi bara zikitumika kama pesa. Shanga za Wamaasai tunazoziita asilia kabisa, nyingi ni za kioo kutoka Jamhuri ya Czech. Shanga ni ya aliyeitunga. Hata hivyo ningependa kuona tamthilia ya Sayyida Salme, bintiye Sultani wa Zanzibar aliyezaliwa 1844, akatorokea Ujerumani na kuandika kumbukumbu zake mwaka wa 1886. Picha yake akiwa na mavazi ya Kizanzibari na vito vyake nimeibandika ukutani juu ya meza yangu. Majasi, kekee, timbi, kipini: haya maneno tunayo, na vitu vyenyewe viko kwenye makumbusho ya Lamu. Siku mtu akiitengeneza hiyo tamthilia, msinitafute, nitakuwa na kazi nyingi.

Turudi kwa jina. Mwaka wangu wa kwanza dada mmoja alinunua kwangu hereni za matone za kuvaa kwenye harusi ya nduguye. Kikadi changu kiliandikwa “brasi asilia”. Brasi ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeichukua kwa fundi wa Kibera anayeyeyusha makufuli na mifereji mibovu. Lakini ndoano, kile kiwaya kinachoingia kwenye tundu la sikio, nilikuwa nimenunua pakiti ya mia moja kwa bei ya kutupa, na sikuuliza zimetengenezwa kwa nini. Siku ya tatu akanitumia picha. Masikio yamevimba, ngozi imechubuka, tundu linatoa maji.

Ilikuwa nikeli. Nikeli ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza duniani kwa kuleta mzio wa ngozi, na mtu akishaupata huo mzio kwa kawaida hubaki nao maisha. Hautoki na hereni. Umoja wa Ulaya uliona hatari hiyo ukaweka kikomo cha nikeli katika vitu vinavyogusa ngozi, kwa sheria ya mwaka wa 1994. Mimi na pakiti yangu ya ndoano mia moja tulikuwa nyuma ya hiyo sheria kwa karibu miaka 30.

Nilimrudishia pesa zake na za dawa. Ila kuna kitu sikuweza kumrudishia: hataweza tena kuvaa hereni yoyote bila kuuliza. Na kosa halikuwa la muuza ndoano. Mimi ndiye niliandika “asilia” kwenye kitu ambacho sikukijua. Siku hizi natumia ndoano za chuma cha pua kizuri, na nina kichupa cha dawa ya kupimia: unapaka kwenye pamba, unasugua waya, pamba ikigeuka waridi kuna nikeli inayotoka. Kila anayeuza hereni anafaa kuwa na kichupa hicho kabla ya kuwa na taa ya duara ya kupigia picha.

Kuna na mfupa. Zile sura za wanawake zilizochongwa kwenye vito vya zamani tunaziiga kwa mfupa wa ng'ombe, na mafundi wetu wanauchonga vizuri sana. Nimemsikia muuzaji akimnong'onezea mtalii kuwa ni pembe ya ndovu, eti apandishe bei. Buda, hii ni nchi iliyochoma tani 105 za pembe mwaka wa 2016. Ukidanganya kuwa ni pembe, maafisa wa KWS hawatacheka nawe ukianza kuwaeleza kuwa ulikuwa unajenga mauzo.

Halafu kuna uongo ulio mkubwa kuliko wote, na huu unatuua. Mtu anaenda downtown, ananunua mikufu iliyoungwa tayari kiwandani kwa dazani, anabadilisha kishikizo, anaandika “imetengenezwa kwa mikono, Nairobi” na kuuza sh700. Mimi lulu zangu za kioo pia zinatoka ng'ambo, sitajifanya nilizivua Kilifi. Lakini nimezitunga. Lulu 45, na kati ya kila moja na nyingine nimefunga fundo, ili uzi ukikatika idondoke moja tu na zingine zibaki. Hiyo ndiyo kazi. Ukitaka kujua mkufu umefungwa kwa mkono, angalia hayo mafundo.

Hebu nipige hesabu mbele yako, mjomba akiwepo. Lulu sh300, uzi wa hariri sh80, kishikizo sh50, kikadi na kifuko sh20. Hiyo ni sh450. Kufunga mafundo kunanichukua saa tatu, na mgongo unauma. Nikiuza sh600 kwa sababu jirani anauza cha kiwanda sh700, nimebaki na sh150. Shilingi 50 kwa saa, kabla ya nauli na ada ya kuweka kitambaa. Hakuna mama fua anayeweza kukubali hiyo pesa, na ana haki ya kukataa. Mkufu huo ni sh1,200. Sasa nitauzaje sh1,200 nikiwa nimesema uongo ule ule ambao wa sh700 amesema? Mteja akisikia sote tunasema “orijino, handimedi”, atachukua wa bei rahisi. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo.

Ndiyo maana nasema ukweli ni wa biashara pia. Yule wa kiwanda hawezi kuandika kikadi kama changu. Hawezi kusema brasi ilitoka kwa kufuli la nani.

Kikadi changu cha sasa kinasema hivi: “Lulu za kioo. Brasi ya makufuli ya zamani, Kibera. Ndoano za chuma cha pua, zimepimwa nikeli. Karatasi ya chokoleti nyuma ya jiwe, usioge nalo. Saa tatu za kazi.” Rafiki yangu mmoja tunayeuza naye anasema nimejimaliza, kwamba hakuna mse atalipa ganji yake kwa karatasi ya chokoleti. Bado tunabishana.

Wa kwanza kuniuliza “hii ni orijino?” baada ya hapo nilimjibu, “Hapana, ni kioo.” Akaurudisha mkufu mezani, akaenda zake bila kuniaga. Wa pili aliusoma mstari wa chokoleti mara mbili, akageuza jiwe kutafuta hiyo karatasi, akauliza ni chokoleti ya aina gani.